Siti Binti Saad na Kazi Zilizosahauliwa

Swali hili hurudi kila mwaka kama masika: "Eleza maisha na kazi za Siti binti Saad." Nimelitunga mwenyewe si mara moja, na kulisahihisha si mara moja. Muhula uliopita niliketi na karatasi 43 za wanafunzi wangu hapa Rumonge, nikazisoma kwa kituo tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Juu ya maisha wote walikuwa hodari. Walijua kijiji alikozaliwa, walijua umaskini wake, walijua kwamba hakuna aliyemdhania kufika alikofika. Juu ya kazi, wengi waliruka. Mmoja hakuruka. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana: "Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu, baadaye akaacha, akafanya kazi ya kuimba."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mtoto yule hakukosea. Neno kazi amelisikia nyumbani na njiani: kazi ya uvuvi, kazi ya kukamua mawese, kazi ya kubeba mizigo bandarini. Maana ile nyingine, ya tungo zinazotoka kichwani mwa mtu na kubaki baada yake, hakuipata kwangu, kwa sababu sikumpa hata wimbo mmoja wa kuushika. Nilimpa maisha, naye akanirudishia maisha.

Maneno haya basi nawaandikia walimu wenzangu wa Kiswahili wa ufuo huu wa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, nami nikiwa wa kwanza katika lawama. Nasema kwamba namna tunavyomfundisha Siti ni namna ya kumzika. Tumemtoa katika fasihi tukamtia katika somo la adabu njema. Mtunzi na mwimbaji aliyegeuza sura ya wimbo wa Kiswahili amekuwa kwetu mfano wa mtoto wa maskini aliyevumilia akafanikiwa. Mifano ya namna hiyo tunayo mingi, wala haihitaji kutoka Unguja.

Maisha yenyewe yaweza kuelezwa kwa sentensi chache, na labda ndivyo ipasavyo. Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake. Aliuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja, akakutana na Ali Muhsin aliyemfunza kuimba. Kutoka Mtumwa akawa Siti. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay, wakatia sauti zao katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice, na sahani hizo zikaenea Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, akauita Wasifu wa Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja.

Sina ugomvi na Shaaban Robert. Yeye alikuwa mwandishi wa maadili, na kila alichokigusa alikitafutia funzo. Ndiyo tabia ya kalamu yake, na tunampenda kwa tabia hiyo. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma jina la kitabu tukaishia kwenye neno la kwanza. Ametuambia waziwazi kwamba huyu ni mwimbaji. Mwimbaji wa nini? Mwalimu anayemfundisha mwimbaji bila kufundisha alichokiimba ni sawa na mtu anayesifu mtumbwi kwa habari za mti uliochongwa, asiseme hata mara moja kama ulielea.

Tuangalie basi kazi moja tu, wimbo ujulikanao kwa jina la Kijiti. Wimbo huu wasimulia kisa kilichotokea kweli mjini Unguja. Mwanamke mgeni, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, alitoka usiku na mwanamume aitwaye Kijiti pamoja na watu wengine, akatendewa ubaya, akauawa, naye alikuwa mja mzito. Mwuaji akavuka bahari akakimbilia Bara. Na sheria, kama wimbo unavyosimulia, ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Hayo yote yameelezwa kwa beti fupi, kwa majina ya watu wanaojulikana, bila mafumbo mengi, na kwa mahadhi ya kumfanya msikilizaji aitikie kiitikio kabla hajatambua kwamba anaitikia shtaka.

Mwanafunzi aliyepewa wimbo huo ana mambo ya kufikiri mwaka mzima. Kwa nini mtunzi ametaja majina? Kwa nini mahakama ya wakoloni iliwaadhibu mashahidi? Kwa nini wanawake wa Ng'ambo, waliokuwa hawana gazeti wala wakili, walichagua wimbo kuwa baraza lao? Mizani na vina, tunavyovipenda mno kuvihesabu ubaoni, vinafanya kazi gani humu? Nathubutu kusema kwamba katika Kijiti peke yake mna habari za Unguja ya wakati ule zaidi ya zile tunazozipata katika kurasa nyingi za wasifu wa mtu yeyote. Lakini kwa wanafunzi wetu Kijiti ni kijiti tu, kipande cha mti.

Nimekwisha kulitaja jambo hili katika mkutano wa walimu, na majibu niliyopewa nayaheshimu, ingawa siyakubali.

Jibu la kwanza lilikuwa la kitaalamu. Mwenzangu mmoja alisema kwamba Siti hakuwa mtunzi hasa. Nyimbo zake, alisema, zilitungwa na kundi: walikuwapo Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Mbaruk Talsam, habari ya mjini iliingia nyumbani kwake, maneno yakatafutwa kwa pamoja, mahadhi yakatafutwa kwa pamoja. Basi twawezaje kusema "kazi za Siti"? Ni afadhali, alisema, kubaki na maisha, maana maisha ni yake bila shaka.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini imesimamishwa juu ya msingi mbovu. Imedhani kwamba kazi ya mtunzi ni maneno yaliyokaa juu ya karatasi, yenye jina moja chini yake. Ili nieleweke, naomba ruhusa nivuke bahari kuelekea India ile ile alikokwenda Siti, ila nisiteremke Bombay. Niendelee kusini kabisa, hata nchi ya Watamil, penye muziki uitwao Karnatiki.

Huko kuna mtunzi aliyeitwa Tyagaraja. Alizaliwa Tiruvarur mwaka 1767, akaishi Tiruvaiyaru kando ya mto Kaveri, akafariki huko mwaka 1847. Wenziwe wawili, Syama Sastri na Muthuswami Dikshitar, walizaliwa katika mji ule ule wa Tiruvarur, na hao watatu ndio nguzo za muziki huo. Watu wa huko wana neno moja la kumwita mtu wa namna hii, vaggeyakara, yaani mwenye kutunga maneno na mahadhi pamoja. Kwao huwezi kumtenga mmoja na mwingine. Wimbo umefungwa katika raga yake, na raga si tuni ya kubadilisha kama kanzu: ni mpango wa sauti wenye njia zake za kupanda na kushuka. Ukibakiza maneno ukaondoa raga, hujabakiza nusu ya wimbo. Umebakiza kumbukumbu ya kwamba palikuwa na wimbo.

Maisha ya Tyagaraja nayo yamejaa masimulizi ya kuvutia. Yasimuliwa kwamba aliitwa na mfalme wa Thanjavur akaimbe kwa malipo, akakataa. Yasimuliwa kwamba ndugu yake alizitupa mtoni sanamu alizokuwa akiziabudu. Walimu wa maadili wangepata chakula cha miaka mingi hapo! Lakini mtoto wa huko anayeanza kujifunza haanzi na ndugu mwovu na sanamu mtoni. Anaanza na sauti. Anakaa mbele ya mwalimu, anasikia, anarudia, anakosolewa, anarudia tena. Ndivyo zilivyobaki nyimbo zipatazo 700 za mtu yule: wanafunzi wake waliziandika katika majani ya mtende wa kwao na kuzishika vichwani, kila kundi la wanafunzi likalinda sehemu yake na kuirithisha. Na kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kufa kwake, wanamuziki hukusanyika Tiruvaiyaru wakaimba kwa pamoja nyimbo zake tano zilizo kuu. Hawasomi wasifu. Waimba.

Sasa mlinganisheni na mtu wa kwetu aliyeishi zama zile zile. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizaliwa yapata mwaka 1776, akafariki yapata 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeitwa mwalimu kama tuitwavyo sisi, akazikusanya, na Mzungu Taylor akazihifadhi, na Hichens akazitoa katika diwani mwaka 1940. Twashukuru. Bila Sikujua tusingekuwa na Muyaka. Lakini tazama kilichofika na kisichofika: maneno yamefika, mahadhi hayakufika. Watu wawili wa zama moja, mmoja kando ya Kaveri, mwingine Mombasa, wote wawili watunzi wa kusikilizwa. Wa kwanza leo huimbwa, wa pili leo huhesabiwa mizani. Tofauti haikuwa katika ukubwa wa vipaji vyao. Ilikuwa katika kile ambacho walimu waliona kinastahili kushikwa.

Narudi kwa mwenzangu. Kama kazi ya mtunzi wa wimbo ni maneno na mahadhi na namna ya kuyatoa, basi kundi la Siti halimpunguzii kitu. Waliotafuta maneno wakiwa watano, bado aliyeyapa uhai mbele ya watu alikuwa mmoja, na kila aliyesikia alijua ni wimbo wa nani. Tuseme "kazi za Siti na wenziwe", tuwataje wote wanne na zaidi, na tuzifundishe. Kushindwa kugawa urithi si sababu ya kuuchoma.

Hapa Burundi, tena, hatuna haja ya kwenda Kaveri ili tulifahamu jambo hili. Nani kati yetu angeandika ubaoni maneno ya mpiga inanga anayenong'ona, akawaambia wanafunzi kwamba amewafundisha inanga? Mwimbaji ananong'ona, nyuzi ndizo zinazobeba mahadhi. Bila nyuzi mnong'ono ule ni mtu anayejisemea. Sote tunalijua hilo kwa Kirundi. Tukiingia darasa la Kiswahili twalisahau mlangoni.

Jibu la pili lilinichoma zaidi, kwa sababu lilitoka kwa mtu wa hapa hapa. Alisema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya Waswahili wa pwani. Sisi Kiswahili chetu ni cha mwaloni na cha sokoni. Tunafundisha sarufi ili watoto waweze kuelewana na majirani. Taarabu itatufaa nini?"

Ni kweli kwamba katika nchi hii vilima vyote husema Kirundi, na Kiswahili kilikuja na wafanyabiashara waliovuka kutoka Ujiji katika karne ya 19, kikakaa Rumonge, kikakaa Buyenzi, kikakaa kila palipo na soko na msikiti na mitumbwi. Ni kweli pia kwamba kilipoingia katika madarasa yetu kwa nguvu, baada ya Burundi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kiliingia kwa sababu za biashara na ujirani. Lakini mbona hilo liwe kizuizi? Tyagaraja aliishi kati ya watu wasemao Kitamil, akatunga karibu nyimbo zake zote kwa Kitelugu, lugha ya wazee wake, iliyofika kusini kule pamoja na watawala na wahamiaji wa karne zilizotangulia. Hakuna aliyemwambia kwamba Kitelugu cha Tiruvaiyaru ni cha kuazima, hakiwezi kubeba wimbo. Na kama alikuwapo aliyemwambia, jina lake limepotea.

Na Siti mwenyewe je? Huyu ndiye shahidi mkubwa dhidi ya hoja hiyo. Taarabu ya jumba la Sultani, tangu zama za Sayyid Barghash, iliimbwa kwa Kiarabu na kutazama Misri. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya sokoni! Ndicho kilichoonekana duni kwa shughuli ya namna ile. Siti alikichukua hicho hicho, Kiswahili cha shamba na cha Ng'ambo, akakiimba katika santuri, na leo tunakiita Kiswahili fasaha, tunawatisha nacho watoto wa wavuvi. Mwalimu anayesema kwamba lugha ya mwaloni haina fasihi anarudia maneno waliyoambiwa wauza vyungu.

Jibu la tatu halikusemwa kwa sauti mkutanoni. Lilisemwa nje, baada ya chai. Nyimbo za taarabu, niliambiwa, ni mambo ya ukumbini na ya wanawake, hazistahili darasa la watoto wenye heshima. Sitalijibu kwa urefu. Nitasema tu kwamba kule Tiruvaiyaru nako wanaume waliwazuia wanawake kuimba katika kumbukumbu ya Tyagaraja. Aliyejenga kaburi lake likawa mahali pa heshima, katika miaka ya 1920, na kwa fedha yake mwenyewe, alikuwa mwanamke: Nagarathnamma wa Bangalore, mwimbaji aliyetoka katika tabaka la wanawake wa hekaluni ambalo watu wa heshima walilidharau. Alipokatazwa, aliwakusanya wanawake wenziwe wakafanya kumbukumbu yao. Hatimaye makundi yakaungana. Alifariki mwaka 1952, na sanamu yake ipo karibu na kaburi lile. Wale waliomkataza sikuona bado mahali walipojengewa sanamu.

Najua vikwazo vyetu. Chombo cha kupigia muziki hatuna, au kipo lakini umeme haupo. Wanafunzi ni wengi kuliko madawati. Na mtihani hauimbwi: hakuna alama kwa anayejua mahadhi. Lakini Kijiti hakipo mbali kiasi hicho. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyemsikia Siti katika ujana wake, aliuimba wimbo huo mpaka uzeeni. Amefariki mwaka 2013 tu, na sauti yake imerekodiwa. Huo ndio mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi tuliousifu kwa Wahindi, upo kwetu, nasi tumeuacha uning'inie.

Baada ya zile karatasi 43 nilifanya jaribio dogo. Niliufundisha Kijiti kwa vipindi viwili, maneno kwanza, kisha tukausikiliza kwa simu yangu, darasa zima likiwa limenyamaza. Mwishoni niliwauliza kama yupo anayejua wimbo wa Kiswahili uliotungwa hapa ufuoni juu ya jambo lililotokea hapa. Nilidhani watanyamaza. Msichana mmoja alisimama akasema bibi yake anao, wa mtu aliyezama usiku wa kuvua ndagala na wenziwe wakagawana wavu wake kabla ya matanga kwisha. Bibi aliutunga mwenyewe, nao huimbwa na wanawake penye harusi, na jamaa za waliogawana wavu hutoka nje ukianza.

Nilimfuata bibi huyo mwaloni. Alinitazama, akaniuliza kama natoka serikalini. Nilipomweleza, aliniimbia beti mbili huku akianika ndagala zake, akakatiza katikati ya beti ya tatu kwa sababu mnunuzi amefika. Maneno ya beti mbili ninayo katika daftari. Mahadhi sikuweza kuyaandika. Sikufundishwa, wala hakuna chuo nilichopita kilichonifundisha. Nimewatuma wanafunzi watatu, yule msichana akiwa kiongozi wao, wakae naye siku za Jumamosi mpaka wauimbe bila yeye kuwakosoa. Wiki ya kwanza aliwarudisha wakaanike samaki. Wiki ya pili wamerudi na beti ya tatu, na wanabishana baina yao jinsi sauti inavyoshuka penye jina la marehemu.